Fundi, punguza mwendo kabla ya kukata chuma

Wiki hii hatuzungumzi juu ya malaria wala maji safi. Tunazungumza juu ya macho na vidole vya mafundi wetu. Wengi wenu mliopitia kituo cha Nkamira mlikuwa waseremala kule Masisi na Rutshuru, na sasa mnatafuta kibarua katika karakana za huku Kanama, hasa senta ya Mahoko. Wengine ni wazazi wenye vijana wanaojifunza kazi humo. Makala haya ni yenu.

Siku hizi karakana ya mbao haifanyi mbao peke yake. Mwezi wa Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, matetemeko yalipasua nyumba nyingi Goma na Gisenyi. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba katika wilaya hii ya Rubavu, na watu wa Mahoko wanaikumbuka siku ile vizuri. Anayejenga upya anataka mlango wa chuma, dirisha la chuma, na kitanda cha bomba kisicholiwa na mchwa. Seremala naye hataki kumpoteza mteja. Anaitazama mashine yake ya mbao, ile yenye msumeno wa utepe unaozunguka juu ya magurudumu mawili, halafu anajiuliza: je, haiwezi kukata na chuma?

Jibu ni ndiyo, inaweza, lakini si kama ilivyo. Na si kwa kubadilisha msumeno peke yake, kama wengi wanavyodhani. Kitu cha kwanza cha kubadilisha ni mwendo.

Kwa nini mwendo?

Mzee mmoja fundi tulimkuta kwenye mashine yake tukamuuliza, "Mzee wetu, hii inakata na chuma?" Akacheka. "Mwanangu, inakata mikaratusi mikavu kama jiwe, itashindwaje na bomba?"

Ni swali zuri, nasi tulijibu hivi. Mbao hukatwa kwa haraka. Msumeno wa utepe wa mashine ya mbao husafiri kati ya mita 900 na mita 1,500 kwa dakika moja. Chuma cha kawaida, kile cha madirisha na milango, hutaka msumeno uende mita 25 hadi 60 hivi kwa dakika. Yaani mwendo wa mbao ni mkubwa mara ishirini, wakati mwingine mara thelathini, kuliko mwendo wa chuma.

Ukilisukuma bomba la chuma kwenye msumeno wenye mwendo wa mbao, jino halipati nafasi ya kung'ata. Linasugua tu. Kusugua kunaleta moto, na jino la kawaida likipata moto wa zaidi ya nyuzi 200 huanza kulegea na kupoteza ukali. Baada ya muda mfupi utaona cheche, utasikia mlio mkali, na msumeno umekufa. Ukizidi kusukuma, utepe unakatika ukiwa bado unakimbia, na ukikatika hauchagui pa kwenda. Hapo ndipo sisi wa afya tunapoitwa.

Kwa hiyo ukipunguza mwendo hulindi msumeno tu, unajilinda na wewe. Chenga za chuma zinaanguka chini badala ya kuruka usoni. Kelele inapungua. Cheche karibu zinaisha. Msumeno wa utepe uliopunguzwa mwendo vizuri una hatari ndogo kuliko grainda, ambayo inamwaga cheche na jiwe lake linaweza kupasuka usoni mwa fundi. Ndiyo maana sisi wahamasishaji wa afya hatuwakatazi kuibadilisha mashine. Tunawaomba muibadilishe kwa usahihi.

Hesabu ya puli

Kaa na kalamu, hesabu si ngumu. Tuchukue mashine ambayo watu wengi wanayo: magurudumu ya upana wa sentimita 40, na mota inayozunguka mara 1,450 kwa dakika. Kati ya mota na gurudumu kuna puli zinazopunguza mwendo mara mbili. Gurudumu basi linazunguka mara 725 kwa dakika. Mzingo wa gurudumu hilo ni mita 1 na sentimita 26 hivi. Zidisha: msumeno unakimbia karibu mita 910 kwa dakika. Huo ni mwendo wa mbao.

Sasa tengeneza shafti ya pili, ikae juu ya beringi zake, kati ya mota na mashine. Weka puli ndogo ya sentimita 5 ivute puli kubwa ya sentimita 25. Hapo umepunguza mara tano. Ongeza shafti nyingine na puli za namna hiyo hiyo, upunguze tena mara tano. Tano mara tano ni ishirini na tano. Gurudumu lililokuwa linazunguka mara 725 sasa linazunguka mara 29, na msumeno unatembea mita 36 hivi kwa dakika. Huo ni mwendo mzuri wa chuma cha kawaida.

Mafundi wengine hutumia giaboksi ya gari iliyotolewa kwenye vyuma chakavu. Gia ya kwanza ya gari dogo hupunguza mwendo mara tatu hadi nne hivi, kwa hiyo giaboksi peke yake haitoshi. Bado utahitaji puli. Faida yake ni kwamba unaweza kubadilisha gia bila kufungua mikanda.

Wako pia wanaonunua kifaa cha umeme cha kupunguza mwendo wa mota. Kifaa hicho kwa kawaida kinafanya kazi na mota za nyaya tatu za moto. Tena mota hujipoza kwa feni yake yenyewe: ukiizungusha polepole mno, feni nayo inalala, mota inaungua. Kifaa hicho kinaweza kusaidia puli, lakini hakiwezi kupunguza mara 25 peke yake.

Jipime kwa chaki

Huna chombo cha kupimia mwendo? Tumia chaki. Chora alama kwenye gurudumu mashine ikiwa imezimwa. Ifunge vizuri, iwashe bila kukata kitu, simama pembeni mahali unapoliona gurudumu bila kuondoa kinga ya msumeno, halafu hesabu alama inapita mara ngapi kwa dakika moja. Kwa chuma cha kawaida lenga hivi:

- Gurudumu la sentimita 30: mizunguko 38 hivi kwa dakika.
- Gurudumu la sentimita 40: mizunguko 29 hivi.
- Gurudumu la sentimita 50: mizunguko 23 hivi.

Kama huwezi kuhesabu mizunguko kwa macho yako, mashine bado inakimbia mno kwa chuma. Kanuni hii haihitaji shule. Mfundishe na kijana wako wa karakana.

Nguvu inaongezeka

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ukipunguza mwendo kwa puli, nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu kwa kiasi kile kile. Mashine iliyokuwa inasimama yenyewe mbao ikibana, sasa haitasimama. Itaendelea kuvuta, na kitakachokubali kwanza ni msumeno, au kidole chako.

Kwa sababu hiyo usikaze mkanda wa mota kupita kiasi. Uache uweze kuteleza msumeno ukibana. Weka swichi ya kuzimia mahali mkono unafika bila kupita karibu na msumeno. Na usidanganyike na upole wa mashine: msumeno unaotembea taratibu unakata nyama sawasawa na ule unaokimbia.

Sasa ndiyo tufike kwenye msumeno

Mwendo ukishakuwa sawa, badilisha utepe. Utepe wa mbao una meno makubwa, mara nyingi matatu hadi sita katika inchi moja. Meno manne katika inchi yana nafasi ya milimita 6 kati ya jino na jino. Bomba la dirisha lina unene wa milimita 1 na nusu au 2. Bomba linaingia katikati ya meno mawili, jino linagonga ukuta wake kama shoka, na linang'oka. Meno yaking'oka, yanaruka.

Kanuni ni kwamba meno mawili au matatu yawe ndani ya chuma kwa wakati mmoja:

- Bomba au bati la milimita 2: utepe wa meno 18 hadi 24 kwa inchi.
- Chuma cha milimita 6: utepe wa meno 10 hadi 14 kwa inchi.

Uliza dukani utepe wa kukatia chuma wenye meno ya chuma kigumu yaliyounganishwa juu ya mgongo laini. Bei yake ni kubwa, lakini unavumilia moto na unaishi muda mrefu. Angalia pia mahali ncha mbili zilipounganishwa. Msumeno wa utepe ulianza kuenea karne ya 19, na Mfaransa Anne Paulin Crépin alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1846 kwa namna ya kuunganisha ncha hizo. Mpaka leo kiungo hicho ndicho mahali dhaifu. Kila asubuhi kipapase kwa macho kabla ya kuwasha: ukiona ufa, usiutumie utepe huo.

Wakati wa kukata, funga chuma kwa jiriwa au klampu. Usikishike kwa mkono, hasa bomba la duara, kwa maana msumeno hulizungusha na mkono ukafuata. Sukuma kwa upole, kisha soma chenga. Zikitoka zimejikunja na zinang'aa, uko sawa. Zikitoka kama unga, unasukuma kidogo mno. Zikigeuka rangi ya buluu, kuna moto mwingi: punguza mwendo au punguza nguvu.

Vumbi la mbao na chenga za moto

Hii ndiyo hatari kubwa ya mashine yenye kazi mbili. Asubuhi umekata mbao, mchana unakata chuma. Chini ya meza, ndani ya sanduku la gurudumu la chini, kumejaa vumbi la mbao ambalo hulioni. Chenga moja ya moto ikianguka humo haiwaki mara moja. Inafuka polepole, saa moja, saa mbili, mpaka umefunga karakana ukaenda kulala.

Agakinjiro ka Gisozi, pale Kigali, soko kubwa la waseremala na mafundi, liliungua mwaka 2021 na tena mwaka 2023. Hatusemi sababu ilikuwa mashine ya namna hii. Tunasema mahali penye mbao, rangi na magodoro moto haungoji mtu. Na sisi tunaoishi chini ya mahema na mashitingi, nyumba hadi nyumba, tunajua moto unavyoruka.

Kwa hiyo:

1. Kabla ya kukata chuma, zima umeme kwenye swichi kubwa, fungua masanduku ya magurudumu, safisha vumbi lote kwa brashi. Usipulize kwa upepo wa kompresa. Unalipeleka vumbi machoni na kwenye mapafu.
2. Ondoa maranda, petroli, vanishi na gundi karibu na mashine.
3. Weka ndoo ya mchanga karibu. Moto wa umeme usiumwagie maji kabla ya kukata umeme.
4. Ukimaliza kukata chuma, usifunge karakana papo hapo. Kaa saa moja, chungulia tena chini ya meza.
5. Kwangua chenga za chuma zilizoganda kwenye mpira wa magurudumu. Zikibaki zinauharibu utepe, na kesho zinaingia kwenye mbao ya mteja.

Neno moja juu ya mapipa. Pipa lililokuwa na petroli, mazuti au vanishi usilikate kwa mashine yoyote, hata kama linaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kama bomu. Wanaotengeneza mbabula kwa mapipa ya zamani walizingatie hili sana.

Vaa hivi, vua vile

Vaa miwani ya kinga, ile inayofunika na pembeni. Miwani ya jua haitoshi. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kandambili waachie walio nyumbani. Ziba masikio kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja akusikie.

Lakini glavu usivae mashine inapozunguka, kwa sababu msumeno ukiishika glavu unavuta na mkono. Glavu ni za kubadilishia utepe, mashine ikiwa imezimwa. Vua saa, pete na mkufu. Kaniki, skafu na mikono mirefu ya shati vifungwe. Mama anayemletea mume wake chakula asimame nje, na watoto wasicheze karakanani hata kidogo. Chenga za chuma kwenye udongo huwachoma nyayo.

Ajali ikitokea

Chenga ya chuma jichoni. Usisugue. Kama ni vumbi tu, osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 15. Kama chenga imeganda au imechoma ndani, usiitoe. Usimruhusu rafiki aitoe kwa njiti ya kiberiti, kwa ncha ya kitambaa au kwa ulimi. Usitie maziwa ya mama wala dawa uliyopewa na jirani. Funika jicho kwa kikombe cha karatasi au kitu kisicholigusa, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chuma kikikaa jichoni kinafanya kutu, na kutu inaacha kovu. Mtu anaweza kuona vizuri Jumatatu na kupoteza jicho kabla ya mwisho wa mwezi.

Jeraha la kukatwa. Bana kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua fungua, na uinue mkono juu ya kifua. Usitie udongo, kahawa, mafuta ya taa wala unga wa betri.

Kidole kikikatika kabisa. Mhudumie mtu kwanza, damu isimame. Kisha kitafute kidole, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uuweke kwenye maji baridi yenye barafu kama ipo. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala maji. Piga simu 912, nambari ya gari la wagonjwa hapa Rwanda, au mpeleke haraka kituo cha afya ili apelekwe hospitali ya Gisenyi.

Pepopunda. Hapa nawasemesha kaka zangu hasa. Dada zetu wengi huchanjwa pepopunda wanapokuwa wajawazito. Sisi wanaume wengi hatujachanjwa tena tangu tukiwa watoto, na wengine kadi zilibaki nyumbani siku ya kukimbia. Kila jeraha la chuma, hata dogo, uliza chanjo kwenye kituo cha afya. Na usingoje jeraha: fundi anayeanza kazi ya chuma aulize chanjo kabla ya siku ya kwanza.

Kama huwezi kupunguza mwendo

Kuna mashine zisizofaa kubadilishwa: yenye gurudumu lenye ufa, yenye beringi zinazotikisika, isiyokuwa na kinga ya msumeno. Kuna pia fundi anayekata bomba tatu kwa wiki. Huyo hana haja ya shafti wala puli. Msumeno wa mkono wa kukatia chuma na jiriwa imara vinamtosha. Atatoka jasho, lakini atarudi nyumbani na vidole kumi.

Na wewe kibarua ambaye mashine si yako, una haki ya kuuliza kabla ya kuigusa: "Bosi, imepunguzwa mwendo? Vumbi limesafishwa? Miwani iko wapi?" Ukiambiwa "sukuma tu, itakata," ujue gharama ya msumeno ni ya bosi, lakini jicho ni la kwako. Akikataa, mwambie kiongozi wa kijiji au mmoja wetu wahamasishaji. Tutakwenda kuongea naye kwa heshima. Tumeona wengi wakisikia wanapoelezwa, kwa sababu hata wao hawapendi kuununua utepe mpya kila wiki.

Kata makala haya, uyabandike ukutani karibu na swichi ya mashine. Na chaki uiweke hapo hapo.